Nipake rangi tu, au nianze upya? Kuhusu mabehewa ya modeli ya Reli ya Kati

Swali limetoka kwa kijana wa Mbagala. Anaandika: "Shikamoo mzee. Dada yangu anaishi Marekani, na alipokuja likizo aliniletea mabehewa sita ya mizigo ya modeli, kipimo cha HO, pamoja na reli zake. Marehemu babu yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo kati ya Dar na Tabora. Alianza kazi 1968, akastaafu 1979. Nataka kuitengeneza treni yake. Fundi mmoja kaniambia nipake rangi, niandike TRC, basi imetosha. Ni kweli? Nifanyeje ili mtu aliyeifanya kazi ile akiiona aseme ndiyo yenyewe?"

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu babu. Nilikagua mabehewa kwa miaka mingi kabla sijaanza kuyatengeneza kwa plastiki na kadibodi nyumbani kwangu Tabata, na hakuna swali ninalopenda kuulizwa kama hili lako. Fundi wako ameanzia mwisho. Rangi na herufi ni kazi ya siku ya mwisho. Kabla hujafungua kopo, behewa lako liwe na mwaka, na wewe uweze kueleza lilifikaje kwenye reli hiyo mwaka huo. Ukishayaweza hayo mawili, mengine yote yatajipanga nyuma yake.

Tuanze na mwaka. "Treni ya babu" ni treni ya miaka 11, na katika miaka hiyo alibadilishiwa mwajiri mara mbili bila kuhama kazi. Mwaka 1968 aliajiriwa na shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki, lile lililoundwa 1948 kwa kuziunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, likabaki shirika la reli peke yake, makao makuu yake Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na hapo ndipo TRC, Shirika la Reli Tanzania, ikazaliwa. Kwa hiyo ukiandika TRC kwenye behewa la 1972 umelipa jina la shirika ambalo halijakuwepo.

Ukiyaandika TRC mabehewa yote ya 1978 utakosea pia, kwa upande wa pili. Behewa hupakwa rangi upya linapoingia karakana kwa matengenezo makubwa. Mpaka zamu yake ifike, linaendelea kubeba mizigo na herufi za zamani, zimepauka, nyingine zimekwanguliwa nusu. Mwenye mali alikuwa amevunjika lakini pamba ya Shinyanga haikusubiri. Hata mgawanyo wa mali za Jumuiya wenyewe ulichukua miaka mingi: msuluhishi, Victor Umbricht kutoka Uswisi, alifanya kazi hiyo mpaka makubaliano yakatiwa saini Arusha mwaka 1984. Treni ya 1978 iliyo sahihi ina mabehewa ya zamani yenye alama za EAR, yaani East African Railways, lile shirika la pamoja, ina machache yaliyopakwa upya, na pengine ina moja ambalo alama ya zamani inaonekana kwa mbali chini ya rangi mpya. Kwa macho yangu hiyo ndiyo treni nzuri kuliko zote za kutengeneza, ila ni ngumu. Kwa mtu anayeanza nakushauri 1972.

Sasa lilifikaje. Hapa nikueleze kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Treni yangu ya kwanza niliipa mwaka 1955, inatoka Dar kwenda Morogoro. Katikati niliweka behewa la kufunikwa nililolinakili kwenye picha iliyopigwa Nairobi, zuri, nimelisumbukia wiki tatu. Nikamwonyesha mzee mmoja aliyewahi kupanga mabehewa Gerezani, shanta wa siku hizo. Akalishika, akaligeuza, akaniuliza, "Hili lilifikaje hapa kabla ya Mnyusi?" Sikuwa na jibu. Reli ya Tanga ilikuwa imeungana na ya Kenya kupitia Kahe na Voi, lakini Reli ya Kati, ile iliyoanzia Dar 1905 ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, ilikuwa peke yake. Kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi, kinachoiunganisha na reli ya Tanga, kilikamilika 1963. Kabla ya hapo, shirika lilikuwa moja, nembo moja, lakini behewa la Nairobi halikuwa na reli ya kulifikisha Stesheni ya Dar.

Kwa hiyo tia akilini miaka hii 14: kuanzia 1963 mpaka 1977. Ndani ya miaka hiyo behewa lililopakiwa Nakuru au Kampala lingeweza kabisa kuonekana Dar. Lilikuwa na njia ya Mnyusi, na tangu katikati ya miaka ya 1960 lilikuwa na njia ya Ziwa Victoria pia, kwa meli za kubeba mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru, mpaka Mwanza, halafu reli kupitia Tabora. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukafunguliwa tena 1983. Mabehewa yaliyokuwa upande huu siku hiyo ndiyo yaliyobaki upande huu. Treni yako ya 1972 imo ndani ya miaka hiyo, kwa hiyo una uhuru mkubwa wa kuchanganya. Ungechagua 1961, uhuru huo usingekuwa nao.

Kitu cha pili ni upana wa reli, na hapa ndipo reli alizokuletea dada zinapoleta mtihani. HO ni kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zake zina upana wa milimita 16.5. Zidisha: unapata milimita 1435, ambao ni upana wa reli za Marekani, na ndio upana wa SGR yetu iliyoanza kusafirisha abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024. Reli ya babu yako ilikuwa ya mita moja kamili, milimita 1000. Ukiweka behewa lake juu ya reli hizo kwa kipimo cha 1:87 umelipanua tumbo la reli kwa karibu nusu mita. Hakuna rangi itakayoficha hilo. Mtu aliyewahi kusimama Tabata Relini na kuona jinsi behewa la Reli ya Kati linavyoning'inia nje ya magurudumu yake pande zote mbili, ataona mara moja kwamba lako limekaa kama meza.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kubaki 1:87 na kununua reli ya milimita 12, ambayo wenzetu wa Uswisi wanaitumia kwa reli zao za mita. Ni sahihi sana, milimita 12 mara 87 ni 1044, lakini hiyo reli ni ya kuagiza nje na bei yake inauma. Na mabehewa yako sita hayatakufaa kitu, maana miili yake ni ya reli pana.

Njia ya pili ndiyo ninayokupendekezea. Acha reli zako zilivyo, badilisha kipimo. Chukua 1:64. Milimita 16.5 mara 64 ni 1056. Umekosea milimita 56 tu kwa reli ya mita, ambazo mezani kwako ni chini ya milimita moja. Mafundi wa modeli wa New Zealand na Afrika Kusini wamefanya hivi miaka mingi kwa sababu reli zao ni za milimita 1067, na reli ya HO inawatosha. Ukija kutaka TAZARA siku moja, nayo ni 1067, reli hizo hizo zitakubeba.

Halafu angalia jambo lililonishangaza nilipolipigia hesabu mara ya kwanza. Behewa la kufunikwa la Marekani la futi 40 ni takriban mita 12.2 kwa urefu, ndani ya HO milimita 140. Chukua hizo milimita 140 uzihesabu kwa 1:64: ni mita 9. Upana wake wa milimita 35 unakuwa mita 2.24. Mlango wenye kimo cha milimita 31 unakuwa wa mita mbili, ambao mpagazi mwenye gunia kichwani anapita. Yaani mwili ule ule uliokuwa dubwana la Marekani, ukiusoma kwa kipimo kingine, unakuwa behewa la wastani la reli nyembamba. Huhitaji kulikata. Unahitaji kulivua yale yanayolitangaza kuwa la Marekani.

Na kabla hujavua, yasome. Mabehewa ya Marekani yamejaa maandishi madogo ubavuni, na huko wenzetu wamefanya kazi kubwa sana ya kujua kila kitu ni cha lini. Chukua lenzi. Tafuta herufi BLT au NEW na namba mbili zilizotengwa kwa alama, mfano 8-48: hiyo ni Agosti 1948, mwezi behewa lilipotengenezwa. CAPY ni uwezo wa kubeba, kwa pauni. Tazama juu ya paa: kama kuna ubao mrefu wa kutembelea kutoka ncha hadi ncha, behewa ni la mtindo wa kabla ya 1966, maana tangu mwaka huo mabehewa mapya ya kufunikwa yalianza kutengenezwa bila ubao huo. Tazama bogi, zile fremu ndogo za chini zinazoshika magurudumu: zikiwa ni za vyuma bapa vilivyofungwa kwa bolti, zile za upinde, zilipigwa marufuku kwenye mabehewa yanayobadilishana kati ya makampuni mwaka 1941. Ukiona kibandiko chenye mistari ya rangi ubavuni, hiyo ni alama ya KarTrak, ya kusomwa na mashine kando ya reli. Ilianza 1967, ikaachwa 1977. Viwanda vya modeli havijali sana. Unaweza kukuta mwili wa 1948 una kibandiko cha 1967 na bogi za 1925, na hakuna siku hata moja katika historia behewa hilo lilipowahi kuwepo.

Ninakwambia haya kwa sababu mawili kati ya hayo sita nataka uyaache yalivyo, ya Marekani, uyarekebishe yawe ya mwaka mmoja wa kweli wa huko, uyaweke kabatini. Ni zawadi ya dada yako. Pia yatakuzoesha jicho: mtu aliyejifunza kuona kosa la miaka kumi kwenye behewa la Chicago ataliona kwenye behewa la Tabora.

Matatu yafanye mabehewa ya kufunikwa ya EAR. Ondoa ubao wa juu ya paa na ngazi za kuufikia. Ondoa gurudumu la breki la mkono lililosimama juu kwenye ncha. Lile lilikuwa la mtu anayekimbia juu ya mapaa kufunga breki, maisha ya Marekani ya kabla ya breki za upepo, na babu yako hakuyaishi. Ziba matundu kwa putty ya plastiki, piga msasa laini. Magurudumu ya HO ni ya milimita 9.6, ambayo kwa 1:64 ni kama sentimita 61. Nenda kapime gurudumu la kweli kabla hujaamua kama utayavumilia. Vile vishikio vya wapanda ngazi pia vihesabu upya: nafasi ya sentimita 45 kati ya kimoja na kingine huko inakuwa sentimita 33 huku, na macho ya mtu huvipima bila yeye kujua.

Chini ya behewa ndiko ninakotumia muda mwingi kuliko juu. Niseme wazi kwamba wengi hawatakubaliana nami, wanasema nani atachungulia. Mkaguzi atachungulia. Treni ikiingia stesheni mimi na mwenzangu tulipita kila mmoja upande wake, nyundo mkononi. Unagonga gurudumu. Likiwa zima linalia kama kengele, likiwa na ufa linajibu kwa sauti iliyokufa. Kisha unaweka mgongo wa mkono juu ya boksi la ekseli. Mabehewa ya zamani hayakuwa na beringi za gololi. Ndani ya boksi kulikuwa na nyuzi zilizolowa mafuta, zikikauka ekseli inashika moto na rangi ya boksi inababuka. Kwa hiyo kwenye modeli, boksi moja kati ya nane lipake kahawia iliyoungua, na chini yake, kwenye gurudumu, weka mng'ao wa mafuta yaliyorushwa. Ni tone moja la vanishi. Mzee yeyote wa karakana atasimama hapo hapo.

Jambo jingine la karibu: pembeni kwenye fremu, karibu na bogi, kuna kishikizo kidogo cha chuma cha kuweka kadi ya safari, inayosema behewa linatoka wapi, linakwenda wapi, limebeba nini. Kwa 1:64 ni kama milimita mbili kwa mbili. Kata kipande cha karatasi nyeupe ukigandishe. Juu yake, ubavuni, andika kwa penseli nyeupe iliyochongwa sana alama ya chaki ya shanta: namba ya njia, au "Tabora". Ile chaki ilikuwa lugha yetu yote usiku.

Sasa behewa la sita, la babu. Hili livunje kabisa, chukua bogi na fremu yake, jenga behewa la gadi kwa plastiki ya karatasi. Linakaa mkiani, na ndiyo treni nzima inaishia hapo. Sitakupa mchoro, kwa sababu hayakuwa ya aina moja, na wewe una kitu ambacho mimi sina: familia. Waulize bibi, wajomba, majirani wa zamani wa kota za reli kama kuna picha. Uliza alikuwa anapikia wapi safarini, alikuwa anakaa upande gani, mlango ulifunguka kwa kuteleza au kwa bawaba. Weka taa ya mkia, nyekundu, na bendera mbili, kijani na nyekundu, zimeviringishwa karibu na mlango. Mtu mwenye kimo cha mita 1.70 kwa 1:64 ni milimita 26 na nusu. Usije ukanunua watu wa HO, watakuwa watoto wa darasa la tatu.

Mchanganyiko wa treni unategemea inakwenda wapi. Huko Marekani behewa la kufunikwa la kampuni yoyote lingeweza kuonekana popote, na mafundi wao wanapanga treni kwa hesabu za ukubwa wa kila kampuni. Sisi tulikuwa na mwenye mali mmoja, hivyo swali letu ni la mzigo. Treni iendayo bara ilibeba mafuta kwa matangi, maana kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilikuwa kimefunguliwa Kigamboni 1966. Ilibeba saruji ya Wazo Hill, nayo imeanza mwaka huo huo, ndani ya mabehewa yaliyofungwa ili isilowe. Ilibeba bidhaa za maduka na mizigo ya Burundi na ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Treni ishukayo pwani ilikuja na marobota ya pamba, tumbaku ya Urambo, kahawa, chumvi ya Uvinza, mkonge kuanzia Kilosa na Morogoro, na mabehewa ya ng'ombe kwa ajili ya mnada wa Pugu. Matangi yanashuka matupu. Kama una fremu na plastiki iliyobaki, tengeneza tangi moja na behewa moja la ng'ombe lenye mbao zilizoachana, kisha amua treni inaelekea wapi kabla hujaweka mzigo hata mmoja. Usiweke magunia ya korosho za Mtwara. Reli ya kusini iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ilikuwa imefungwa tangu 1962, na haikuwahi kuungana na ya Kati.

Na usiweke behewa la TAZARA kwenye treni hiyo hata kidogo. Mwaka 1972 reli hiyo ilikuwa bado inajengwa. Ilianza rasmi 1976, kilomita 1860 mpaka New Kapiri Mposhi. Hata baada ya hapo, tofauti ya milimita 67 kati ya reli mbili ilitosha kuzuia behewa la huku lisitembee kule. Mpaka kilipojengwa kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu, mwaka 1998, na hata hapo kilichohamia upande wa pili kilikuwa mzigo.

Reli zenyewe zitazame. Zile alizokuletea dada zina mataruma ya plastiki yaliyochongwa yafanane na mbao. Sehemu kubwa ya Reli ya Kati ililala kwenye mataruma ya chuma, na TAZARA kwenye ya zege. Paka yako rangi ya kutu iliyokolea, funika ncha zake kwa kokoto laini, utakuwa umesogea sana bila gharama.

Tumefika kwenye rangi. Usiamini picha nyeusi na nyeupe kwa rangi, na usiamini picha ya rangi ya zamani iliyokaa juani dukani. Tafuta behewa chakavu, omba ruhusa, kwangua pembeni chini ya bawaba ya mlango, mahali ambapo jua halikufika: tabaka zitajipanga kama pete za mti. Rangi uliyoipata usiipake hivyo hivyo. Kitu kidogo kinaonekana cheusi zaidi kuliko kikubwa chenye rangi ile ile, kwa hiyo ongeza nyeupe kidogo, kama sehemu moja kwa kumi, uone.

Herufi zinasumbua kwa sababu printa za mitaani hazichapishi nyeupe. Ujanja ni huu: chukua karatasi ya stika za maji iliyo nyeupe, chapisha mraba wenye rangi ile ile ya behewa, herufi uziache tupu. Nyeupe ya karatasi ndiyo itakuwa herufi. Lazima rangi ilingane, kwa hiyo chapisha vipande vitano vyenye tofauti ndogo, jaribu kila kimoja juu ya behewa mchana, dirishani. Herufi ya sentimita 20 kwenye behewa la kweli ni milimita 3.1 kwako. Namba za mabehewa zitoe kwenye picha. Namba ya kubuni ni kosa ambalo huwezi kulirekebisha baadaye, watu wataliamini.

Uchafu nao una mahali ulikotoka. Vumbi la Ugogo ni jekundu, linakaa chini ya ubavu na juu ya fremu, linapungua kwenda juu. Behewa la chumvi lina kutu iliyoshuka kama machozi chini ya mlango. La pamba lina nyuzi nyeupe zilizonasa kwenye ufa wa mlango. Chukua pamba ya kawaida, ivute mpaka iwe moshi, gandisha kwa kibanio. La saruji limepauka kijivu kuzunguka mlango tu. Usiyachafue yote sawa. Yalikutana njiani, kila moja limetoka kwake.

Kuhusu mahali pa kutazama: Nyaraka za Taifa pale Upanga, na mkusanyiko wa Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, vina ripoti za mwaka za reli, na ripoti hizo zina hesabu za mabehewa kwa aina. Makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yana vitu vya EAR vya kushika kwa mkono. Ukienda, beba futi na daftari. Magazeti ya zamani yana picha za stesheni ambazo mpiga picha alikuwa anampiga waziri, na nyuma yake behewa limesimama kwa uzuri wake wote. Kwenye picha za namna hiyo tafuta kitu unachojua kipimo chake, upana wa reli kwa mfano, ni mita moja, halafu pima vingine kwa huo. Ukitaka kupiga picha mwenyewe kwenye eneo la reli, nenda kwanza kwa stesheni masta, jitambulishe, mwambie babu alikuwa nani. Nimeona milango mingi ikifunguka kwa neno hilo. Kila behewa utakaloruhusiwa kulisogelea, tafuta kibao kidogo cha mtengenezaji kwenye fremu. Kina mwaka na kiwanda, na hakidanganyi kama rangi.

Anza na behewa la gadi, hata kama ndilo gumu. Likishasimama kwenye magurudumu yake, kabla hujalipaka chochote, nitumie picha tatu: ubavu, mkia, na chini. Nitalikagua kama nilivyokuwa nikiyakagua ya kweli, nikuambie ni boksi gani la kubabua.